Baba Alisema Inaingia Akilini

Huku kwetu Durham mtu akielezwa jambo hujibu, "Inaingia akilini." Basi limebadilishiwa njia kwa sababu daraja linatengenezwa: inaingia akilini. Binamu ameachana na mumewe kwa kuwa walikuwa hawaongei tena: inaingia akilini. Hata daktari, akishakueleza ugonjwa wako mwanzo hadi mwisho, anakuuliza, "Inaingia akilini?" nawe unatikisa kichwa na kumshukuru. Ni maneno ya adabu. Unamwambia mwenzako kwamba umesikia, huna ugomvi naye, na mnaweza kuendelea.

Baba yangu aliyatumia kuliko mtu yeyote ninayemjua, na aliyatumia kwa namna mbili. Jambo likimfaa kweli, aliyasema kisha akauliza swali. Jambo likimuumiza, aliyasema kisha akaitafutia mikono yake kazi. Daktari alipotuambia kwamba dawa za Mama hazisaidii tena, Baba alisema, "Inaingia akilini," tukateremka hadi maegesho, akatoa leso na kuanza kufuta kioo cha gari. Kilikuwa safi. Isitoshe, mvua ilikuwa inanyesha. Alifuta mpaka leso ikawa inadondosha maji, nami nikasimama kando yake bila mwavuli.

Kwa hiyo nilijua. Naanza na hilo ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Novemba iliyopita Baba alianguka kwenye ploti yake. Nyuma ya reli ya zamani halmashauri ina ploti arobaini za kukodisha, zimezungushiwa mbao na milango chakavu, na Baba alikuwa na namba kumi na nne kwa miaka thelathini na moja. Alipanda viazi na kabichi, lakini hivyo vilikuwa vya kula tu. Moyo wake ulikuwa kwenye liki, mboga ya jamii ya kitunguu yenye shina refu jeupe. Huku kwetu wanaume hushindana kwa liki: kila Septemba wanazipeleka klabuni zimeoshwa kama watoto wanaokwenda kubatizwa, zinapimwa unene, na mtu anaweza kununiana na jirani yake mwaka mzima kwa ajili ya nusu inchi. Mbegu ya Baba haikununuliwa dukani. Aliipata kwa baba yake, ambaye aliipata kwa baba yake, na kila siku ya pili ya Krismasi, kabla ya chakula cha mchana, Baba alisia mbegu za miche mipya. Mzee Ridley wa ploti ya kumi na tano alimwomba mche mmoja kila mwaka. Baba alimkatalia kila mwaka. Wote wawili walifurahia sana.

Huyo Mzee Ridley ndiye aliyemsikia akiita siku ile ya barafu. Baba alikuwa amelala chini karibu saa nzima. Nyonga ilikuwa imepata ufa. Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu na fimbo ya kijivu, na Jumapili iliyofuata dada yangu Corinne akaja kutoka Leeds na bahasha ya karatasi.

Corinne ni mtu mwema. Nataka hilo pia lijulikane.

"Baba, nimekupatia fleti," alisema hata kabla hajavua koti. "Za wazee. Dakika sita kutoka kwangu kwa miguu. Iko chini, hakuna ngazi. Bafuni kuna kamba nyekundu, ukianguka unaivuta, mtu anakuja."

"Na nisipoanguka?"

"Basi hutaivuta. Usinianze, Baba."

"Nauliza tu. Kamba yenyewe inafika sakafuni? Maana mimi nikianguka sianguki nusu."

Nilicheka. Corinne naye alicheka kidogo, kisha macho yake yakajaa machozi. "Ulilala kwenye barafu saa nzima. Lorna hapa yuko kazini maktaba kutwa. Safari hii Mzee Ridley alikuwepo, safari ijayo je? Niambie wewe. Inaingia akilini au haiingii?"

Baba alitazama nje, kwenye ua wetu mdogo uliojaa ndoo za mbolea.

"Inaingia akilini," alisema.

Akainuka na fimbo yake, akaenda kwenye sinki, akaanza kuosha vikombe. Tulikuwa hatujanywa chai. Alichukua kikombe changu kikiwa kimejaa, akamwaga chai yote, akakiosha ndani na nje, akakifuta, akakitundika.

Corinne alipumua. "Nilidhani atanipinga," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na wewe, Lorna? Kama una neno, liseme sasa."

Nilikuwa nalo. Nilitaka kusema, tazama kikombe changu. Lakini nilimwona yule dada yangu, amechoka, ameendesha gari saa moja na nusu kwenye ukungu, amepiga simu kumi na tano kutafuta fleti ile, nami sikupiga hata moja.

"Inaingia akilini," nikasema.

Ploti ilikuwa na kanuni zake. Anayehama kijiji anairudisha kwa barua kabla mwaka haujaisha, na akisharudisha inakwenda kwa mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Kuna watu wamesubiri miaka saba. Baba aliniomba nimwandikie barua. "Wewe ndiye msomi," alisema. Niliandika mistari mitatu, ya heshima, yenye shukrani kwa kamati. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Umeandika vizuri."

Akachukua kalamu. Kisha akaiweka chini, akaniuliza, "Unaonaje, mwanangu?"

Nyumbani kwetu swali hilo halikuwahi kuulizwa. Tuliulizana kama mvua itanyesha, kama mtu ameshiba, kama mlango umefungwa. Nilimwona akinisubiri na miwani yake ikiwa katikati ya pua. Niliwaza kwamba nikisema abaki, halafu aanguke tena akutwe amekufa, nitaishi na hilo. Niliwaza pia kwamba mtu mzima wa miaka sabini na mbili, kama hataki jambo, atasema.

"Nadhani inaingia akilini, Baba."

"Haya."

Akatia saini. Kisha akatoa bisibisi kwenye droo, akaanza kukaza skrubu za mishikio ya kabati la jikoni, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyokuwa imelegea.

Alihama wiki ya pili ya Januari. Mimi nilibaki kwenye nyumba, kwa sababu ni karibu na kazi, na chumba chake nikakiacha kama kilivyokuwa. Nilimtembelea kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Corinne alikuwa akimpelekea chakula, akimkatia nywele, akimpeleka kwa daktari. Simlaumu kwa lolote.

Ilikuwa Pasaka, katikati ya Aprili, nilipotazama dirisha lake vizuri. Miezi ya nyuma pazia lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi, na nilijua tu kwamba ana mimea fulani. "Vizuri, anajishughulisha," Corinne alikuwa ameniambia. Siku hiyo pazia lilikuwa wazi. Kwenye kingo ya dirisha, ndani ya vikopo vya mtindi, kulikuwa na liki ishirini na nne. Kila moja ilikuwa na kijiti, na kila kijiti kilikuwa na namba kwa penseli. Alizisia siku ya pili ya Krismasi, jikoni kwetu, nyuma ya maboksi tuliyokuwa tukifungasha. Alizisia wakati barua yangu ilikuwa imekwisha kufika kwa kamati.

Zilikuwa zimekwisha kuvizidi vile vikopo. Mei liki lazima ziingie ardhini.

"Baba," nikasema, "hizi utazipanda wapi?"

Alishika jani moja kati ya vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa.

"Hilo sijui, mwanangu." Akacheka kidogo kwa puani. "Haiingii akilini kabisa, sivyo?"

Nina miaka ishirini na saba, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa jambo lolote, hata siku tuliyomzika Mama. Nilikwenda bafuni nikajifungia. Nililia nikiwa nimekaa kando ya ile kamba nyekundu, nikiwa mwangalifu nisiiguse.

Kwenye treni ya kurudi niliamua. Nitaiomba ploti kwa jina langu. Nitaomba kazi ya nusu siku. Baba atarudi chumbani kwake, na mchana nitakwenda naye kule nyuma ya reli, nikae kwenye ndoo na kitabu changu, yeye alime.

Jumamosi nilikwenda. Banda la Baba lilikuwa limebomolewa. Kwenye kitalu cha liki, kwenye ule udongo alioulisha samadi na masizi kwa miaka thelathini na moja, kulikuwa na nyasi mpya na sanduku la mchanga la mtoto. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alinijia akitabasamu.

"Wewe ni binti yake? Tulikuta liki kuukuu zimeota maua, tukazing'oa. Natumaini hamkuzihitaji. Tumesubiri miaka sita! Tuliambiwa mzee amehamia karibu na binti yake mwingine."

"Ndiyo."

"Inaingia akilini," alisema kwa upole kabisa.

Mzee Ridley alikuwa akinitazama juu ya mlango chakavu unaotenganisha ploti zao. Nilipomfuata aliivua kofia yake, akaivaa tena.

"Nilimngoja siku zote za Krismasi aje kunitukana. Hakuja. Hali yake?"

"Anasema nzuri."

"Muongo yule. Siku aliyotia saini alikuja hapa. Nikamwuliza, wewe Dennis, unataka kwenda? Akasema, mabinti wanaona inaingia akilini, nao wamesoma. Nikamwuliza, wamesema wanataka uende? Akasema, wamesema inaingia akilini."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Mzee Ridley alitazama viatu vyake.

"Ningemwambia nini, kipenzi? Mambo ya familia ya watu. Nilimwambia inaingia akilini."

Mtoto wa yule mwanamke, sasa ameshushwa mgongoni, alikuwa akirusha mchanga nje ya sanduku.

"Ameotesha miche," nikasema mwishowe. "Ishirini na nne. Dirishani."

"Ile mbegu yake?" Uso wake ulibadilika wote. "Mlete! Nitampa nusu ya mstari wangu. Mstari mzima. Na mwambie nitamshinda Septemba mbele ya watu, arudi Leeds analia."

Nilipaswa kupiga simu siku ileile. Nilishika simu mara tatu. Lakini mimi si mtu wa kusema mambo makubwa kwenye simu, na nilitaka kuuona uso wake nikimwambia. Nikasubiri Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku nane tu.

Alinifungulia mlango akiwa amevaa aproni. Fleti yote ilikuwa inanukia.

"Kaa, kaa. Leo nimepika mwenyewe. Corinne hataamini."

Kingo ya dirisha ilikuwa tupu, imefutwa. Vikopo vya mtindi vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kimoja ndani ya kingine kando ya sinki.

"Baba. Liki ziko wapi?"

"Si hizi?" Aliniwekea bakuli. "Ulichosema mara ile nilikifikiria. Nitazipanda wapi? Nikaona ni kweli. Kuziacha zife kwenye vikopo si haki. Changa hivi zina utamu wake, ujue. Babu yangu asingenisamehe, lakini ni tamu."

Zilikuwa zimekatwa vipande vyembamba, kijani na nyeupe, ndani ya viazi na maziwa.

"Zote?"

"Zote. Ukibakiza moja utaifanyia nini?"

Sikuweza kushika kijiko. Nilimweleza. Nilimweleza ile ploti, lile sanduku la mchanga, Mzee Ridley na mstari wake, chumba chake kilichobaki vilevile. Nilimweleza chai aliyoimwaga na skrubu alizokaza. Nilisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia tangu nizaliwe, na mwisho nikasema lile nililopaswa kuanza nalo.

"Sikutaka uhame, Baba. Siku ile uliponiuliza. Sikutaka."

Alinisikiliza hadi mwisho. Mvuke ulikuwa umeanza kuisha kwenye mabakuli yetu.

"Ningesema, ungebaki?" nikamwuliza.

"Ningebaki," alisema.

Alivua miwani, akaivaa.

"Ulihofia nisije nikaanguka tena," alisema. "Inaingia akilini."

Akaanza kuinuka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye bakuli lake, bado limejaa, na macho yake yalikuwa kwenye sinki.

Nikamshika mkono. "Kaa, Baba. Usioshe."

Akakaa. Mikono yake ikabaki mezani, wazi, haina la kufanya, na ndipo nilipomwona baba yangu analia, bila sauti, huku akitazama pale dirishani. Baada ya kitambo alichukua kijiko. Nami nikachukua changu. Tulikula polepole, tukaongeza, tukakwangua sufuria, mpaka hakukubaki kitu.