Kisiwa cha Mjomba Tofiga

Vaelei aliporudi kisiwani kwao Funafuti kutoka masomoni mjini Suva, alikuja na mchezo wa kompyuta alioutengeneza mwenyewe. Mchezaji hupewa kisiwa, bahari inapanda, naye akilinde. Alikusudia kuwafundishia watoto wa shule, ila alitaka kwanza ujaribiwe. Wa kwanza kujitokeza pale maneapa, ukumbi wa kijiji, watu walipokutana baada ya chakula, alikuwa mjomba wake Tofiga, mtu asiyekubali kushindwa hata kwenye karata.

"Kazi ndogo hii," akasema, akavuta kiti.

Akazungushia kisiwa ukuta, akakunja mikono. Mawimbi yakaupiga ukuta, ukuta ukasimama imara. Kisha maji yakaanza kububujika katikati ya kisiwa.

"Aa! Wizi huu! Yamepita wapi?"

"Chini kwa chini, mjomba. Ardhi yetu matumbawe matupu, yamejaa matundu."

Mkewe, Sepola, akaangua kicheko. "Kwani shimo letu la magimbi ya pulaka liliingiaje chumvi? Ilibisha hodi mlangoni?"

Ukumbi mzima ukacheka. Tofiga akaanza upya, safari hii Sepola akimwelekeza. Wakainua ardhi kwa mchanga uliochotwa kwenye maji ya bahari yaliyozungukwa na kisiwa, wakapanda pulaka kwenye mapipa, wakakinga maji ya mvua. Kisiwa kikadumu sana. Halafu nacho kikazama.

"Haya, niambie. Naushinda vipi mchezo huu?"

Vaelei akasita. "Huushindi, mjomba. Joto linatokana na moshi wa nchi za mbali. Huku hakuna kitufe cha kuuzima."

Vaelei akajuta, alidhani anasema kweli tu, kumbe amewavunja watu moyo.

"Basi kitengeneze hicho kitufe," Tofiga akasema, "uwape hao wenye moshi."

Maneno hayo yalimkosesha Vaelei raha mpaka alipoutengeneza mchezo upya: mchezaji mmoja kisiwani, mwenzake kwenye nchi ya viwanda, na kila afanyalo huyu linamfikia yule. Rafiki yake mmoja, mwalimu huko Brisbane, katika mojawapo ya nchi hizo za viwanda, akakubali darasa lake licheze.

Siku yenyewe, Tofiga alipangiwa msichana aitwaye Imogen. Walionana kwenye kioo cha simu ya Vaelei, mwenyewe akiwatafsiria.

"Mwambie huyo mwanangu azime ile mitambo ya makaa!"

"Anasema akizima, mji wake utakuwa giza."

"Si ana jua huko? Ajenge mitambo ya jua, mimi namsubiri. Lakini asikawie, maji yamefika magotini!"

Imogen akauma mdomo, akajenga, akazima mtambo mmoja, akazima mwingine. Bahari ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye vizingiti vya nyumba za kisiwa. Tofiga akaruka, kiti kikaanguka, Sepola akampigia makofi. Huko Brisbane darasa zima lilikuwa linapiga kelele.

Imogen akauliza jambo kwa sauti ndogo. Vaelei akatafsiri: "Anauliza kama lile shimo la pulaka lenye chumvi kwenye mchezo ni la kweli."

Tofiga akaichukua ile simu, akatoka nayo juani, akawaonyesha watoto shimo lenyewe na majani ya pulaka yaliyogeuka manjano. Akawaeleza taratibu jinsi mama yake alivyolilima shimo lile. Kengele ya shule yao ikalia. Hakuna mtoto aliyenyanyuka.