Wapagazi wa Bi Mwanamkuu

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024. Mvua ilinyesha kidogo usiku, na asubuhi mtaa wa Cheyo ulikuwa na ukungu mwepesi. Saa mbili kasoro Hafsa alimketisha mama yake, Bi Mwanamkuu, barazani, akamshikia ungo chini ya sikio la kushoto. Wapagazi wakaanza kutoka sikioni.

Walikuwa warefu kama njiti za kiberiti, kila mmoja na mzigo begani. Walitoka hivyo kila asubuhi tangu kiangazi. Siku hiyo mmoja alibeba jina la mjukuu, mwingine alibeba kipimo cha hiliki katika chai. Hafsa aliwapa chembe za ugali, wakashukuru.

Levina, mtafiti wa ugonjwa wa Alzeima, alifika na kisanduku cha barafu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Watoka wapi?”

“Bukene.”

“Basi reli waijua.”

Bibi alimuuliza atokako mara tatu, na mara zote tatu Levina alijibu kwa upole uleule. Kisha akaeleza kazi yake.

“Ndani ya seli ya ubongo mna njia nyembamba za kupitishia mizigo. Iko protini inayozishikilia. Katika ugonjwa huu protini hiyo huachia, ikajisokota, na mizigo hukwama.”

“Ndivyo,” mpagazi mmoja alisema kutoka kwenye ungo. “Huko ndani hakupitiki.”

Levina aliandika maneno hayo.

“Naomba kipande cha ngozi, kama punje ya dengu. Maabarani tutakigeuza kiwe seli za ubongo, tuone njia inaanza kukatikia wapi. Hakitamponya bibi. Huenda kikawafaa wanaofuata.”

Hafsa alitazama chini. Mwezi huo alikuwa ametia chumvi mara mbili katika mchuzi, siku tatu. Kila alfajiri alimwomba Mungu juu ya jambo hilo, na hakuwa amemwambia mtu.

“Chukua,” Bi Mwanamkuu alisema. “Ngozi ninayo tele, imekunjamana bure.”

Ndipo akatoka kirangozi, kiongozi wa msafara. Alishuka kutoka kwenye ungo, akaketi juu ya fomu ya ridhaa aliyoileta Levina na kufungua mzigo wake. Ndani mlikuwa na sauti ya mwanamume: “Mzee Abdulatifu, tutakuletea majibu kabla ya masika.”

“Wale waliomtoa baba damu,” Hafsa alisema. “Mwaka 2009.”

“Gari lao lilikuwa jeupe,” alisema jirani yao, Tunu, aliyekuwa akipepeta mchele. “Mzee aliwangoja masika saba, mpaka akafa.”

Levina alipiga simu mbili. Hakuna aliyejua damu ile ilipelekwa wapi. Hakuna anayejua hadi leo.

“Mpagazi hainui mzigo kabla ya kutaja mbele ya watu utafikishwa wapi na lini,” kirangozi alisema. “Wale waliinua kimya kimya.”

Tunu aliweka ungo wake chini. Wapagazi walisimama mstari. Hafsa alimshika mama yake mkono.

Levina alivua viatu, akasimama kwenye mkeka.

“Mimi Levina, binti Tobias wa Bukene, nachukua ngozi ya Bi Mwanamkuu. Tukiona kitu au tusipoona, mwezi wa Novemba mwakani nitarudi kwenye baraza hii, niyasome majibu kwa Kiswahili. Bibi akiwa amenisahau, nitamwambia tena natoka Bukene.”

Kirangozi akainuka, akaiachia fomu.