Nyuki Wameambiwa

Tangu asubuhi Keziah Pugh hakuwa ametia kitu kinywani, na si kwa kukosa. Nje ya mahakama ya Hereford watu walikula kama waalikwa wa harusi, mikate ya nyama mkono huu na pombe ya tufaha mkono huu, huku mchuuzi akiwauzia wimbo wa muuaji uliochapwa pamoja na picha ya mundu unaotiririka damu. Mabibi wa mjini walikuwa wamevaa kofia mpya. Msiba wa mwenzio, ukiwa mkubwa vya kutosha, ni sikukuu.

Muuaji mwenyewe ni Enoch, mdogo wake Keziah, tumbo moja. Aliyeuawa ni mjomba wao Silas, aliyewalea kwa fimbo katika shamba lake la matufaha. Kwamba Enoch alimpiga mundu, hakuna aliyebisha. Lililobaki ni moja: alikuwa na akili zake au hakuwa nazo? Akiwa nazo, kitanzi. Akiwa hanazo, atafungiwa na wendawazimu mpaka afe, lakini atakuwa hai, na Keziah ataweza kumpelekea soksi.

"Haogi, hasemi na watu, analala na viatu," alisema wakili wao, Bwana Wetherall, aliyetoka London kuja kumtetea. Walikuwa wamesimama ukumbini, naye alikuwa akitazama saa yake. "Hata mimi nalala na viatu nikichoka, Bi Keziah. Nipe kitu cha maana."

Keziah aliogopa asije akaondoka. "Alisema na nyuki," akatamka.

"Na nani?"

"Nyuki wa mjomba. Baada ya lile jambo. Alikwenda mizingani akawaambia."

Uso wa wakili ukachanua. "Mtu ana damu mikononi anakwenda kupiga soga na nyuki! Mbona ulilikalia hili, mama?"

"Kwa sababu kwetu kila mtu husema nao, bwana. Mwenye mizinga akifa ni lazima..."

"Basi kwenu wote mna kichaa kidogo. Wewe sema tu."

Alitaka kumweleza, lakini waliitwa ndani. Akajituliza kwamba yule ni msomi, bila shaka anajua afanyalo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wake ulikuwa umekwisha kujikwaa.

Kizimbani alisema kama alivyoagizwa. Mabibi wa kofia wakacheka, na Bwana Wetherall akaketi ameridhika. Keziah akawatazama wale wakulima kumi na wawili wa kuamua kesi. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameinamia kofia zao mapajani, kama watu walio matangani, na hilo lilimtisha kuliko kicheko.

Mwendesha mashtaka, Bwana Crake, akainuka taratibu. Baba yake alikuwa mkulima wa ng'ambo ya mto.

"Pole kwa msiba, Bi Keziah. Hao nyuki, aliwabishia hodi?"

"Aligonga."

"Kwa mkono?"

"Kwa ufunguo wa nyumba."

"Kila mzinga?"

"Kila mzinga, bwana. Akaufunga kitambaa cheusi."

"Akawaambiaje?"

"Kwamba bwana wao amekufa, wasihame."

"Maana wasipoambiwa huhama, au hufa. Ndivyo tulivyolelewa sote." Hakuwatazama wale kumi na wawili; hakuwa na haja. "Maiti ilikuwa imekwisha kuonekana?"

"Bado. Mimi ndiye niliyekwenda kutazama, nilipomsikia akiwaambia."

"Alisema jingine?"

Alisema. Keziah alilisikia kwa masikio yake, na sasa tu ndipo alipoona jinsi lilivyo zito. Alikuwa ameapa kwa Biblia. Akamtazama Enoch, akaamua Mungu atamsamehe.

"Hapana, bwana. Hakusema jingine."

"Nilisema, dada." Sauti ya Enoch ilikuwa ya upole, kama ya kumkumbusha kitu alichosahau sokoni. Miezi yote ile gerezani hakuwa amefungua kinywa. "Niliwaambia ni mimi. Niliwaomba radhi. Usiseme uongo juu ya nyuki, watahama."

Jaji akaamuru kimya. Bwana Wetherall aligeuka kumtafuta Keziah kwa macho, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu anayeogopa. Wale wakulima hawakuinuka hata vitini. Walinong'onezana kidogo, kisha mkubwa wao akasimama, akasema Enoch alikuwa na akili zake na ana hatia, na machozi yakamtoka huku akisema.

Siku Enoch aliponyongwa, Keziah hakwenda mjini. Alichukua ufunguo, akashuka bustanini. Shamba lingekuwa la mdogo wake, na mizinga pia, kwa hiyo ilipasa nyuki waambiwe. Akagonga mzinga wa kwanza.

"Bwana wenu amekufa," akasema. Nyuki wakavuma ndani, wakingoja. "Ni mimi. Mnisamehe."