Karani Avuka Jangwa

Itangazwe kwa mataifa yote, kwa wafalme na washauri wao, kwa waliolala na kwa wanaongoja treni kwenye baridi: Msafara Mtukufu wa Erdington umeondoka leo asubuhi kwenda kuvuka jangwa, nyika na msitu, na historia inaombwa isogee kidogo ili upate kupita.

Msafara wenyewe ulikuwa watu watatu, mbwa mmoja, chupa ya chai na paratha zilizofungwa kwenye gazeti. Jangwa lilikuwa vilima vya mchanga kando ya machimbo ya zamani huko Sutton, safari fupi tu kwa treni. Na mwanahistoria rasmi wa msafara, Hamdi, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa amelazimishwa na mama yake.

"Anti Charanjit amefiwa na wewe huna kazi," mama huyo, Saido, alimwambia akimsukuma mlangoni. "Mbebee mfuko, zungumza naye Kiswahili kizuri. Na yule mbwa akikulamba, utajiosha mara saba, na moja kwa udongo. Udongo wa hapa unajua ulivyo baridi."

Hamdi alikuwa amesoma shule ya bweni karibu na Nakuru, ambako alijifunza aljebra, unyenyekevu wa bandia, na sauti ya matroni. Ile sauti alikuwa akiitoa gizani, "Wasichana, nje, nyote", na bweni zima lilimwagika uwanjani na mablanketi huku yeye amebaki kitandani, ametulia kama maiti, amejaa furaha. Tangu wahamie Birmingham hakuwa amepata mtu wa kumtoa nje kwa sauti ya kuiga.

Anti Charanjit walipakana naye ukuta. Yeye na mumewe, Mzee Baldev, walikuwa Masingasinga wa Kisumu, na mzee, fundi wa karakana ya reli, aliamini hakuna mbwa duniani anayetii lugha nyingine zaidi ya Kiswahili. Kwa hiyo alifuga, katikati ya Erdington, mtaa wao huko Birmingham, mbwa mweusi wa miguu mifupi asiyejua neno la Kiingereza, akamwita Karani kwa jinsi alivyokagua kila kitu. Kila jioni mzee alisimama bustanini, akakohoa mara mbili, akaita kwa sauti yake ya kukwaruza: "Karani, wee Karani. Kazi imekwisha, twende nyumbani." Hamdi aliisikia ng'ambo ya ua mpaka akaikariri.

Januari mzee alifariki. Karani akahamia mlango wa nyuma, akalala akielekea bustani, na hakumsikiliza tena mtu yeyote.

Ndani ya treni Jagjit, mtoto wa Anti Charanjit na marehemu, alitaja masharti. Alizaliwa hapa, Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na sasa alisema kwa sauti ya chini ili mama yake, aliyekuwa akimbembeleza mbwa, asisikie.

"Leo ni mtihani," alimwambia Hamdi. "Mama akimwita Karani akaja, mchangani, nyikani na msituni, atabaki. Asipokuja, kuna mtu wa Acocks Green atamchukua kesho. Mwezi uliopita alimvuta Mama akaanguka barabarani. Nimeshazika mmoja mwaka huu."

Hamdi aliyasikia yote hayo. Na liandikwe hapa, kwa sababu baadaye hapatakuwa na wa kusema kwamba hakujua.

Jangwani Karani alifunguliwa kamba. Alipanda kilima cha kwanza mchanga ukimwagika nyuma yake, akakagua chupa tupu na soksi ya mtoto, akatoweka upande wa pili. Anti Charanjit alifunga vizuri shali yake, akaita kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkubwa.

"Karani. Njoo, baba."

Hakukutokea kitu. Aliita tena. Halafu sikio moja jeusi likachomoza, likafuatwa na mbwa mzima, amekunja uso, akaja polepole kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Amekuja," alisema Anti Charanjit, hakumwambia mtu.

"Amekuja kwa paratha," alisema Jagjit.

"Hata baba yako alikuwa akija kwa paratha."

Nyikani mambo yalikuwa mazuri zaidi. Njia ilipita kati ya vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na majani makavu ya kahawia yalifika magotini. Karani aliitwa akaja. Akaitwa akaja tena, mara hii mbio, na Anti Charanjit akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mzee Baldev alikuwa akimpitisha huku?" aliuliza Hamdi.

"Mtoto wewe, unalitaja jina hivihivi tu. Mimi sijawahi kulitamka tangu niolewe. Kwetu mke hatamki jina la mume. Nilimwita Sardarji, yaani bwana, basi." Alimfuta mbwa matope masikioni. "Unajua, juzi amelala jikoni. Miguuni pangu. Ameanza kuuacha ule mlango."

Jagjit alimtazama mbwa, akamtazama mama yake. "Akija na msituni," alisema, safari hii kwa Kiswahili, "nitampigia yule mtu asije."

Walipoingia msituni simu ya Jagjit ililia. Aliikunjua, akabaki nyuma njiani, kidole kimoja kikiwa kimeziba sikio la pili. Karani alitangulia akikagua mashina. Hamdi akasema kamba ya kiatu imefunguka, akazunguka kichaka kizito, akachutama.

Hakuwa na sababu. Hakumchukia mtu. Alichokuwa nacho ni koo lililokaa kimya muda mrefu mno, na mahali pazuri.

Alikohoa mara mbili.

"Karani, wee Karani. Kazi imekwisha, twende nyumbani."

Ilitoka safi, na mkwaruzo wake wote. Kupitia matawi Hamdi alimwona Anti Charanjit akisimama. Chupa ya chai ilimponyoka ikavunjika ndani, na yeye hakuitazama. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye shali, akaivuta mbele kichwani, kama anavyofanya mke mume anapoingia nyumbani. Kisha akafungua mdomo.

"Baldev," aliita. "Baldev, tuko hapa."

Hamdi aliuma mkono wa koti lake asicheke kwa sauti.

Karani alikuja kama mshale. Alipenya kichaka, akamfikia, akanusa magoti yake, mikono yake, akanusa nyuma yake alipopaswa kuwapo mtu mwingine. Hakumpata. Akatoa sauti nyembamba ambayo Hamdi hakuwahi kuisikia kwa mbwa, akakimbia mbele zaidi kumtafuta.

Hamdi alitoka kichakani akijipangusa. Anti Charanjit alimshika mikono yote miwili.

"Umesikia? Niambie umesikia."

"Nini, Anti? Mimi sijasikia kitu."

Jagjit alifika akikunja simu, akamkuta mama yake akiita jina lile huku shali imemfunika macho. Uso wake ulibadilika. "Mama," alisema taratibu mno. "Mama, hakuna mtu hapa."

Walimpata Karani mwisho wa msitu, ng'ambo ya uzio, pale reli ya mizigo inapokatiza. Alikuwa amekaa katikati ya vyuma viwili, masikio yamesimama, akisikiliza. Anti Charanjit alimwita mpaka sauti ikamkauka. Mbwa hakugeuka. Jagjit alijaribu kupanda uzio, akateleza, akajaribu tena. Mbali upande wa kulia treni ilipiga honi.

Hamdi alipiga hesabu zake. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Treni ingelimaliza jambo lote kwa niaba yake.

Reli zilianza kuimba.

Alikohoa mara mbili. Aliona bega la Anti Charanjit likishtuka, na akaendelea, kwa sauti ileile, mbele ya macho yao: "Karani, wee Karani. Kazi imekwisha, twende nyumbani."

Mbwa aliruka reli, akajipenyeza chini ya uzio, akawapita Anti Charanjit na mwanawe, akaja kuketi mbele ya Hamdi. Alimlamba mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akakaza macho kwenye mdomo wake. Treni ilipita nyuma yao kwa muda mrefu, behewa baada ya behewa.

Ilipokwisha, Anti Charanjit aliirudisha shali nyuma. "Karani," aliita. Mbwa hakumtazama.

"Mpigie yule mtu aje," alimwambia Jagjit. "Karani alikuwa ameanza kuacha kumngoja baba yako. Sasa atamngoja mpaka afe, na mlangoni kwangu sitaweza kumwangalia."

Jagjit alitoa simu, akasogea pembeni.

"Na ile sauti ya kwanza?" Anti Charanjit alimuuliza Hamdi.

Hamdi alitafuta sauti ya kutumia. Akakuta imebaki yake tu.

"Ni mimi, Anti."

"Nikakuuliza, ukasema hukusikia."

"Nilisikia. Nilikuwa nacheka."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka nione utafanya nini."

Bibi yule alimtazama, bila hasira yoyote ambayo mtu angeweza kuishika.

"Na umeona?"

"Nimeona, Anti."