Wanja kwenye Macho ya Kifaru

Tanuri la mpishi Bansi lilikuwa limesimama nyuma ya jiko la kikosi tangu mimi sijaolewa, na mume wangu alilisaga asubuhi moja akirudisha kifaru nyuma. Hakukusudia. Ramswaroop ni dereva wa kifaru, na dereva wa kifaru anakaa chini kabisa, mbele, kifuniko cha chuma kimefungwa juu ya kichwa chake, anachungulia dunia kwa vijidirisha vyembamba kama mdomo wa sanduku la posta. Cha mbali mbele anakiona. Kilicho karibu na cheni za kutembelea hakioni. Ubavuni haoni. Nyuma ndiyo usiseme. Anamtegemea mtu wa nje amwambie, "Njoo, njoo, njoo... basi!" Na siku ile mtu wa njoo alikuwa amesimama mbele ya kifaru, kwa hiyo na yeye nyuma haoni, akaendelea na njoo zake mpaka tanuri likawa unga.

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Lakini kambi yetu hapa nje ya mji wa Suratgarh ni finyu mno kwa habari kama hiyo. Kabla chai ya saa nne haijachemka ilikuwa imeshazunguka nyumba zote za familia na kunirudia mimi ikiwa imenenepa: eti Ramswaroop alikuwa amelala, eti alikuwa anaongea na simu, eti nilimnyima chakula.

Nirmala, mke wa Bansi, tunapakana ukuta. Huyo hakuacha.

"Shoga, leo chapati zina mchanga kidogo, utatusamehe. Zimeokwa kwenye tanuri la kuazima."

"Zilete hivyohivyo, nitazila na mchanga wake."

"Na mwambie Baba Ratan akitoka kuoga asitoke kinyumenyume. Lile bafu bado tunalitumia."

Nilicheka. Ukiwa na nyumba kama yangu, mlango haufungwi na birika haliteremki jikoni, lazima ujue kuchekwa. Ramswaroop ndiye hakucheka. Marehemu baba yake aliendesha kifaru katika kikosi hikihiki, na picha yake akiwa ametokeza kichwa kwenye kifuniko iko ukutani kwetu, imevishwa maua. Sasa Kanali alikuwa amemwita ofisini na kumwambia neno moja tu: ukigonga kitu kingine, unakwenda stoo kugawa mablanketi. Basi mume wangu kila akipita chini ya ile picha anainamisha macho, kama mwanafunzi aliyefeli.

Ndipo akaja Kapteni Meenal, mhandisi wa jeshi kutoka Pune, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu na kicheko cha muuza mboga. Alikuja na masanduku ya kamera. Alitaka kuzifunga kukizunguka kifaru kizima, mbele, ubavuni na nyuma, na kumwekea dereva skrini mbele ya uso wake ili aone kila kilicho karibu naye bila kutoa kichwa nje. Walipomuuliza anataka kujaribia kifaru cha nani, akasema cha yule aliyevunja tanuri.

"Kwa nini huyo, Afande?" wakashangaa.

"Mtu ambaye hajawahi kugonga kitu hataitazama skrini. Huyu ataikodolea macho."

Kanali akakubali, na akapanga jaribio lifanyike mbele ya familia zote, siku ya sikukuu ya Dasara, baada ya maombi ya kubariki silaha. Ramswaroop atatoka na kifaru kwenye banda lake, atazunguka uwanja, kisha atarudi kinyumenyume kati ya mistari miwili ya vyungu vya udongo mpaka ndani ya banda, vifuniko vyote vimefungwa. Chungu kikivunjika, mablanketi yanamsubiri.

Wiki ile nyumba yangu ilikuwa sinema. Ramswaroop alijifunika shuka kichwani, akashika simu juu ya bega kamera ikitazama nyuma, akawa anatembea kinyumenyume uani akitazama simu tu. Kwenye kioo cha simu kulia kunakuwa kushoto, kwa hiyo alikwenda kushoto alipotaka kulia, akakumbatia kamba ya nguo. Wageni wangu walikuwa wanakuja na viti vyao kutazama. Kulwinder, mpiga mzinga wa kifaru chake, kijana wa Kipunjabi asiyejua kunyamaza, alisimama mlangoni akiimba, "Njoo, njoo, njoo, kaka, mbele yako hakuna kitu ila maisha ya stoo!"

Mama mkwe wangu, Dhapu, alikuwa amekuja kutoka kijijini kula sikukuu. Jina lake maana yake ni "tosha". Alizaliwa binti wa sita, wazazi wakaona wamwambie Mungu wazi. Alikaa na uzi wake wa kusokota, akamtazama mwanawe na shuka lake, kisha akaniuliza taratibu, "Mama Ratan, wamemroga lini?"

"Hajarogwa, Mama. Anajifunza. Kifaru chake kimewekwa macho."

"Macho? Mangapi?"

"Manane, Mama," Ramswaroop akasema akiwa ndani ya shuka. "Sasa akipita hata kuku nyuma yangu namwona."

Dhapu akasokota uzi wake kidogo. "Macho manane mapya, na watu wote wa kambi watakuja kuyatazama. Yametiwa wanja?"

Kulwinder alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Kwetu mtoto mchanga hatoki nje bila doa la wanja usoni, jicho la hasidi liangukie doa, mtoto apone. Lakini kifaru! Tukacheka, tukanywa chai, tukasahau. Dhapu hakucheka wala hakusahau.

Siku ya Dasara tulivaa vizuri. Kifaru kilikuwa ndani ya banda lake kimeoshwa mpaka kinang'aa, kimevishwa mataji ya maua ya manjano, ndimu zimepangwa mbele ya cheni zisagwe kwa baraka. Kuhani wetu wa Kihindu akasoma, nazi ikavunjwa, akapaka unga mwekundu kwenye mdomo wa mzinga. Kisha akaturuhusu akina mama wa nyumba za madereva tupite kukizunguka na sahani zetu za maombi. Mimi nilipita mbele na kutoka. Dhapu alichelewa. Nilidhani anasujudu.

Bendi ikapigwa, tukaitwa kwenye viti vyetu upande wa mbele wa uwanja. Ramswaroop aliingia kwenye tundu lake bila kunitazama. Kulwinder akanikonyeza, kifuniko kikafungwa. Kifaru kikasaga ndimu, kikatoka, kikazunguka uwanja kwa kishindo, kikageuka na kujipanga, mgongo ukielekea banda na uso ukitutazama sisi. Mtu wa njoo, yuleyule wa siku ya tanuri, akaenda kusimama mbele yake na waya wa kuongelea mkononi.

"Yuleyule?" nikasema.

"Ndiye pekee mwenye sauti," Nirmala akajibu. "Shoga, shika kiti."

Yaliyotokea ndani ya kile chuma nimesimuliwa na Kulwinder, na ukitoa chumvi zake inabaki hivi. Ramswaroop alipoiwasha skrini ili arudi nyuma, alikuta picha zote nane zina doa jeusi katikati, doa nene, kama mtu aliyeumwa na nyuki kwenye mboni. Kingo tu ndizo zilizokuwa zinaonekana. Picha ya nyuma peke yake ndiyo ilikuwa na nafuu. Doa lake lilikuwa juu, pembeni.

"Kaka, sema skrini imeharibika," Kulwinder akamwambia.

"Nikisema hivyo watasema dereva mwoga anatafuta sababu."

"Basi sema umeumwa tumbo."

"Nyamaza, niangalizie vyungu."

Akaanza kurudi, taratibu kama mtu anayevaa bangili ndogo. Ubavuni aliviona vyungu kwenye kingo za picha, nusu chungu hapa, mdomo wa chungu pale, na akakisia vilivyobaki. Sisi huku nje tuliona kifaru kinateleza katikati ya mistari miwili bila kugusa kitu, watoto wakapiga makofi, na mimi nikaanza kupumua. Mtu wa njoo alikuwa amenoga. "Njoo, njoo, njoo!"

Karibu kabisa na banda, kifaru kikasimama.

"Njoo!" akapiga kelele mtu wa njoo. Hakikusogea. "Njoo, nyuma yako kweupe, njoo!"

Kifaru kikazimwa kabisa. Tukaisikia bendera ikipigwa na upepo. Kanali akainuka kwenye kiti.

"Mablanketi hayo, shoga," Nirmala akanong'ona, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa amenishika mkono.

Ndani, Kulwinder anasema, ilikuwa hivi.

"Nyuma kuna kitu cha njano," Ramswaroop alisema.

"Ni maua, kaka. Dude zima limevaa maua. Twende, tumebakiza kidogo tu."

"Maua hayainami."

Akafungua kifuniko, akaruka chini na kukimbilia nyuma. Hapo ndipo nilipogeuka kumwambia mama mkwe wangu asiogope, nikakuta kiti chake kitupu. Mtandio wake ulikuwa wa njano. Miguu ilinibeba mpaka kule bila kuniuliza.

Dhapu alikuwa mlangoni mwa banda, hatua chache tu nyuma ya cheni, ameinama, anafuta vumbi kwenye sahani yake ya shaba kwa ncha ya mtandio. Mwanawe amesimama mbele yake.

"Umefika?" Dhapu akamwambia. "Sahani ya mama yangu hii. Niliiweka chini nikaisahau. Nilipoona unarudi nikaja niitoe, usije ukaikanyaga kama tanuri la watu."

"Mama! Hukusikia kifaru kinakuja?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lakini si ulisema kina macho manane na hata kuku unamwona? Mimi ni mdogo kuliko kuku?"

Ramswaroop akakaa chini mchangani. Kanali akafika, na Kapteni Meenal nyuma yake. Binti yule alikwenda moja kwa moja kwenye kamera ya ubavuni, akaipitishia kidole, kikatoka cheusi. Akakinusa.

"Samli?"

"Samli ya ng'ombe wangu mwenyewe na masizi ya taa," Dhapu akamjibu kwa fahari. "Ukifuta kwa kitambaa kikavu unajisumbua. Nimeyatia yote. Lile la nyuma liko juu, nikaweka sahani chini nikanyoosha mikono miwili, lakini nimeligusa kwa pembeni tu. Mwanangu, uninyanyue nilimalizie."

Nilitamani ardhi inimeze. Kanali alimtazama Dhapu, akatazama kidole cha Kapteni, kisha akamgeukia mume wangu. Ramswaroop alisimama wima, mchanga ukimdondoka suruali.

"Umesimama kwa nini, na mtu wako anakwambia njoo?"

"Niliona njano inainama, Afande. Yeye kule mbele alikuwa haoni nilichokuwa naona mimi."

"Na skrini ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Afande."

Kanali akaangalia mistari ya vyungu. Vyote vilikuwa vimesimama. Akakohoa. Kanali wetu ni mtu wa milimani, na kwao pia nasikia watoto wanatiwa wanja.

"Mablanketi atagawa mtu mwingine," akasema. "Kapteni, hizo kamera zibaki. Sajini, mpeleke mama kwenye kiti chake, na umkalie karibu."

Kapteni Meenal ndipo akaachia kile kicheko chake cha sokoni, mpaka Dhapu naye akacheka bila kujua anacheka nini. Siku ya pili alikuja kwangu, akanywa chai na kukaa chini na mama mkwe wangu kama wifi na wifi. Hakumwambia asitie wanja tena. Alimuuliza doa huwa linakaa wapi kwa mtoto. Dhapu akamwonyesha kwenye paji la uso, pembeni, kamwe si ndani ya jicho, na hapohapo akajishika mdomo. "Masikini! Niliharakisha kwa sababu ya bendi."

Siku hizi kila kamera ina kikofia cha chuma cha kuikinga, na juu ya kila kikofia, kwa amri ya Kapteni, limepakwa doa dogo jeusi la rangi. Anasema akina mama wa vikosi vyote wakija na samli zao wakute kazi imeshafanyika. Na mtu wa njoo sasa anasimama nyuma, pembeni, mahali anapoona. Dhapu alipelekwa kuyakagua yale madoa kabla hajarudi kijijini. Alisema ni mazuri, ila ni ya mviringo mno, wanja wa kweli hupinda kidogo.

Jioni ya kumuaga, nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Nirmala alileta chapati za moto kutoka kwenye tanuri jipya, ambalo Ramswaroop alisaidia kulifinyanga, udongo mpaka viwikoni. Ilibidi tumpishe Bansi na sufuria yake, kwa hiyo Ramswaroop, aliyekuwa ameketi chini ya picha ya baba yake, akainuka nusu na kiti chake arudi nyuma.

"Njoo, njoo, njoo," Kulwinder akaanza, mdomo umejaa chapati.

Ramswaroop akasimama hapohapo, akageuza shingo, akatazama chini. Nyuma yake birika langu lilikuwa linachemka juu ya jiko la mkaa.

"Na huyu," Nirmala akamwelekezea Kulwinder chapati, "'basi' atasema lini?"

Mume wangu alicheka. Alilisogeza birika na jiko lake pembeni kwa mkono wake mwenyewe, akarudi na kiti chake taratibu mpaka ukutani, na Bansi akapita na sufuria.