Mwape Aliyeiba Umeme

Kwa miaka karibu ishirini, Godefroid Mwape alikuwa akiiba umeme wa Lubumbashi kila Jumamosi jioni. Aliuiba kwenye televisheni, katika mchezo wa Kapiteni Malakiti, na katika vitabu vya katuni vilivyouzwa kando ya barabara: mtu mbaya mwenye koti jeusi, anayefungia mwanga wa mji ndani ya chupa huku akicheka mpaka koo linauma. Kapiteni alibadilishwa mara tatu, kila mara kijana mwenye kifua kipya. Mwizi alibaki yule yule, magoti yakamzeekea ndani ya lile koti.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku za mwanzo Ephraïm, mtunzi na mchoraji, alikosa jina la mwizi, na Godefroid kwa kiherehere chake akasema, weka langu. Alitaka mji umjue. Basi ukamjua! Umeme ukikatika Katuba, mtaa mzima unapiga kelele: "Mwape, rudisha courant!" Mtoto akivunja sahani, mama yake anamwita Mwape.

Alicheka nao miaka yote, hadi Delphine, binti yake wa pekee, aliposhika mimba. Kwao mjukuu hupewa jina la babu, nkambo, angali hai. Godefroid hakuwa na mtoto mwingine. Jina lisipochukuliwa hapo, basi, limekwisha.

"Papa, mi sina shida," Delphine alimwambia bila kumtazama. "Lakini mama ya bwana yangu anasema hawezi beba mwizi ku mugongo."

Huyo mama mkwe, Kahambu, alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Kila Jumamosi alifunga duka mapema ili mchezo usimpite. Watu hao!

Godefroid alikwenda kwa Ephraïm, akaketi bila kukaribishwa.

"Uniue," akasema. "Lakini kabisa. Batu baone kama njo mwisho."

Ephraïm alibisha, akaitazama sura ya mzee, akaacha kubisha. Walirekodi kwenye shimo la zamani la mgodi, njia ya Kambove. Mwape alizungukwa, chupa zake zikavunjwa, mwanga ukarudi mjini, mawe yakamfunika. Yalikuwa mawe ya karatasi, na Godefroid alilala chini yake kwa raha hadi wakaja kumwinua. Alifurahi kweli. Alidhani sasa jina limetakata.

Mtoto wa kiume alizaliwa wiki ile ile mchezo ulipoonyeshwa. Jioni Godefroid alivaa shati la pasi akaenda kumwona. Kahambu alimpokea mlangoni, macho mekundu.

"Pole, Papa Delphine. Jumamosi tulilia sana." Akamvutia kiti. "Sasa jina ndiyo imeharibika. Ya mwizi, pengine ningezoea. Lakini ule alikufa vibaya, chini ya mawe, hata kuzikwa hapana. Jina ya mufu wa vile, siye hatupatiake mutoto."

"Lakini miye niko hapa," Godefroid akasema. "Niko muzima."

"Najua," Kahambu alijibu, na alimhurumia kwa moyo wote. "Mutoto anaitwa Caleb."

Godefroid akaketi kwenye kile kiti. Delphine, machozi yakimlengalenga, alimwekea mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mwepesi, na alinukia maziwa.

Ndipo umeme ukakatika. Kwa mazoea Godefroid alitega sikio, akingoja mtaa uanze kumwita. Alisikia mlango ukifungwa, kisha mtu akitafuta kiberiti. Hakuna aliyeita. Alingoja zaidi ya ilivyofaa.

Gizani aliinama hadi kwenye sikio la mtoto.

"Caleb," akasema polepole, bila lile cheko. "Miye njo Mwape. Nkambo yako."