Maoni ya Marehemu Hamud

Mauza alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha sare ya harusi pale Chintan, muuza vitabu wa Kisutu, alipoingia dukani, akamwamkia, akasubiri mteja alipe na kuondoka, ndipo akasema kwamba marehemu Mzee Hamud ametoa nyota moja kwa kitabu cha ufugaji nyuki.

"Moja tu?" Mauza akauliza.

"Moja, dada. Na ameandika na maneno."

Mauza akakiviringisha kitambaa kilichobaki kwenye jora lake. Baba yake alikuwa amezikwa kabla ya Ramadhani, hitma ilishasomwa, na jamaa wa Tanga na Unguja walisharudi kwao. Kwamba mzee aliendelea kusoma halikuwa jambo la kumshughulisha mtu. Alikuwa msomaji tangu ujanani, na huko aliko muda anao. Lililomkaa Mauza rohoni ni ile nyota moja, kwa sababu baba yake hakuwahi kumpa mtu nyota moja maishani.

Chintan alirudi kutoka masomoni India na wazo la tovuti. Unajaza vitabu ulivyosoma, tovuti inakupendekezea kingine kinachokufaa wewe na si jirani yako, Chintan anakuletea, nawe ukimaliza unarudi kutoa maoni na nyota, kuanzia moja hadi tano. Nyuma ya duka lake kulikuwa na kompyuta za kukodi, na kila Alhamisi baada ya alasiri Mauza alimpeleka baba yake huko. Mzee alikiweza kitabu kwa miwani, lakini kioo cha kompyuta kilimtoa machozi, kwa hiyo yeye alisema na Mauza akaandika. Na kila mara alisema hayo hayo: nyota tano, kitabu kizuri, Mungu awabariki.

Ilikuwa adabu ya biashara. Wenye maduka wa Mtaa wa Sikukuu, wa rika lake, hawakutia kasoro mali ya mwenzao hata kama imeliwa na mende. Ukiulizwa unasema nzuri, kisha hununui. Tovuti haikulelewa Kariakoo na haikuijua adabu hiyo. Mzee aliposifu kitabu cha nyuki ikampendekezea kingine cha nyuki, naye kwa adabu akakisifu, nayo kwa furaha ikaleta kingine. Alikufa akiacha rafu nzima ya nyuki, na maishani mwake hakufuga hata kuku.

Siku ile Mauza alifunga mapema, akaenda Kisutu kujisomea mwenyewe. Marehemu alisema kwamba nyuki hawajawahi kumpendeza na kwamba mwandishi anarudiarudia maneno. Kisha, chini yake: "Ningependa pia ijulikane kwamba duka la Sikukuu ni la Mauza. Yeye ndiye aliyelishika tangu enzi za foleni. Khalil akilipangisha, anapangisha kisicho chake."

Khalil, mdogo wake Mauza, alikuwa ameshapatana na wauza simu. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuuzwa kama nyanya, na fremu ya duka ya kona kama ile ilitafutwa na kila aliyekuwa na kilemba, fedha za kumpa mpangaji ampishe. Mkataba wa pango na wenye nyumba ulikuwa na jina la Khalil. Mauza alilisikia likisomwa kwa mara ya kwanza siku ya mirathi, akiwa amekaa nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Fremu haikugawiwa, kwa kuwa haikuwa tena mali ya marehemu. Yeye alipewa fungu lake la vitambaa na akaambiwa mwisho wa mwezi atoke.

Aliingia duka lile akiwa msichana, wakati baba yake anauza vifungo na viberiti ili tu mlango usifungwe. Mambo yalipofunguliwa na bidhaa zikaanza kumiminika, yeye ndiye aliyepanda ndege kwenda Dubai kuchagua maua ambayo wanawake wa Kariakoo wangeyataka kabla wenyewe hawajajua kuwa wanayataka. Mumewe alimwambia achague, ama yeye ama duka. Akachagua duka, na hakujuta. Khalil miaka hiyo alikuwa Maskati akijifunza biashara, na biashara nazo zikawa zinamkwepa.

Maoni ya baba yake yalimfurahisha Mauza, na kwa kuwa yalimfurahisha akayatilia shaka. Mtu akikuletea ukitakacho kabla hujamwomba, mtazame mikono.

"Chintan, sema kweli. Unamwandikia wewe?"

"Dada, ningemwandikia mimi ningempa nyota tano. Stoo yangu bado imejaa nyuki."

Jibu lilikuwa la maana, lakini Mauza aliondoka bado anamtazama kwa jicho la pembeni. Naye Khalil alikuwa akimtazama yeye. Alikuja dukani na Ami Sadalla, mdogo wake marehemu, mzee wa familia aliyebaki. Wakakaa kwenye viti vya wateja na kunywa kahawa yote kabla ya kusema walichokijia.

"Neno la siri la baba unalo wewe, dada," Khalil akasema.

"Ninalo."

"Basi unaelewa tunavyofikiri."

"Naelewa. Na mimi nafikiri juu yako, tangu siku ya mirathi."

Alikuwa akifikiri kwamba Khalil alimshika mzee mkono kitandani, macho hayaoni vizuri, akamtilisha saini. Hakulisema, lakini Khalil alilisikia.

Ami Sadalla akaamua kama anavyoamua mambo yote, kwa kuyashika mwenyewe. Alikwenda Kisutu, akawatoa watu chumbani, akabadilisha neno la siri kwa kidole kimoja, na hakumwambia hata mkewe. Wiki hiyo hiyo mgao wa umeme ukaikumba Kariakoo hadi Kisutu, jenereta ya Chintan ikakosa dizeli, kompyuta zote zikalala. Umeme uliporudi, marehemu alikuwa ameandika aya mbili kuhusu kitabu cha mapishi. Alitoa nyota mbili. Alisema mchele wa biriani haukurowekwa vya kutosha, na kwamba Khalil amtazame dada yake usoni.

Hapo mabishano yakaisha. Ami Sadalla alisema tu kwamba kaka yake alikuwa mkaidi tangu utoto wao.

Kariakoo habari hailali ndani. Mama lishe, wapagazi, wauza mitumba na wake za wenye maduka walikwenda Kisutu kukodi kompyuta wamsome Mzee Hamud. Chini ya kila maoni tovuti iliuliza kama maoni hayo yamemsaidia msomaji, ndiyo au hapana, nao wakabonyeza ndiyo. Khalil pia alibonyeza ndiyo, mbele ya watu, kwa sababu hakuwa mtu wa kukana ukweli. Wanawake walikuja dukani wakamshika Mauza mkono. "Tumesoma, dada. Mzee kasema haki tupu." Kisha wakauliza duka la simu litafunguliwa lini.

Ijumaa baada ya sala familia ikakutana kwa Ami Sadalla. Mauza alitegemea ugomvi, akajiandaa kwa ugomvi. Hakuupata.

"Sibishani na baba," Khalil akasema. "Kila alichoandika ni kweli."

"Ni kweli," akasema Ami Sadalla. "Mungu amrehemu. Lakini maiti haulizwi sanda, sembuse fremu. Karatasi ina jina la Khalil."

"Na kama alidanganywa?" Mauza akauliza kutoka upande wa wanawake. "Kama alishikwa mkono?"

Khalil akatazama zulia, na Mauza kwenye upenyo wa pazia akaliona hilo, akaliweka moyoni.

"Kama alishikwa mkono, hiyo siyo hiba, siyo zawadi ya hiari," Ami Sadalla akajibu. "Marehemu akisema hivyo, kesho yake nitakwenda mwenyewe kwa wenye nyumba, na jina litafutwa. Neno langu hilo." Kisha pilau ikaletwa, na wote wakala isipokuwa Mauza. Alikuwa na hasira, lakini juu ya hasira yalikuwepo matumaini. Kilichobaki ni kumuuliza mzee.

Tovuti iliruhusu msomaji kumjibu msomaji mwenzake. Chini ya maoni ya biriani Mauza akaandika: "Baba, shikamoo. Ni nani aliyeandikisha jina la Khalil kwenye mkataba?"

Marehemu hakujibu. Si kwamba alikuwa kimya; alisoma na kuandika zaidi kuliko kawaida. Alitoa nyota tatu kwa kitabu cha safari za milimani. Alitoa nyota nne kwa kitabu cha miti ya dawa, akakisifia picha zake. Kuhusu duka hakugusa tena. Mauza aliyapitia maoni hayo yote akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Chintan, mkoba begani.

"Labda hajaliona swali lako," Chintan akasema.

"Ameliona."

Alimjua. Ndivyo mzee alivyokuwa anafanya mteja akidai kitambaa kimechujuka: anauliza habari za watoto, anauliza mvua za kwao, anaagiza kahawa. Mauza alirudi Sikukuu kwa miguu, akipishana na mikokoteni, na shaka aliyoibeba tangu siku ya mirathi ikamgeuka kichwani, ikaelekea upande ambao hakuwahi kuielekeza. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliyeuza nguo maisha yake yote alikuwa amepekua nguo za kila mtu ila za mtu mmoja. Aliipuuza shaka hiyo hadi akafika dukani, akashindwa. Alfajiri yake alikuwa wa kwanza kwenye mlango wa Chintan, akaandika: "Baba, nakuuliza tena. Ni Khalil?"

Jibu lilikuja Alhamisi, chini ya kitabu cha watoto cha kujifunza kuhesabu.

"Nyota tano. Kitabu kizuri, Mungu awabariki. Mauza mwanangu, marahaba. Khalil hakunishika mkono. Nilikwenda mwenyewe kwa wenye nyumba, mwaka ule ulipokwenda Dubai peke yako kwa mara ya kwanza. Karani aliniuliza aandike nani baada yangu, na nyuma yangu kwenye mstari walisimama wenzangu wa Sikukuu. Nina mtoto wa kiume, Mauza. Niliona haya kutaja binti mbele yao. Nilikusudia kukwambia. Kila Alhamisi tukiwa njiani nilikusudia, kisha nikaongea habari nyingine. Sasa nasema kila mahali ninapoulizwa maoni, lakini wananiuliza habari za vitabu tu."

Mauza alisoma mara moja, ikatosha. Akalia palepale, kati ya vijana waliokuwa wakiandika barua za kuomba kazi, na alijua analilia nini. Si fremu. Mume alimwacha, na hilo alilimeza. Khalil angemwibia, na hilo pia angelimeza, maana mwizi unamlaani, ukapumua. Lakini huyu, baba yake, alikuwa amemshika mkono kuvuka barabara kila wiki. Mauza alimchagua baba mbele ya mume, kumbe baba mwenyewe alishaulizwa achague, na siku nyingi alishamchagua Khalil.

Chintan alimletea chai ya maziwa, akaiweka mbali na kompyuta.

"Dada, tovuti imekupendekezea kitabu," akasema. "Maana unamsoma sana mzee."

"Cha nini?"

"Cha nyuki."

Mauza akanywa chai.

Ami Sadalla alisomewa maoni hayo akiwa kibarazani kwake. Aliomba yasomwe tena, akavua kofia, akaivaa. "Basi," akasema. "Alitoa kwa hiari yake na akili zake timamu. Hiba imetimia. Kaka yangu kanisikitisha sana." Alisikitika kweli, kwa siku kadhaa hakutoka kwenda barazani, na aliyemtembelea alimwambia kwamba Mauza kadhulumiwa.

Siku ya kutoka, Mauza alifungua duka kama kawaida na kufagia. Wapagazi wakatoa majora yake, wakayapanga kwenye mkokoteni na kuyafunika turubai. Atauzia wapi hakuwa na hakika bado. Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe alikuwa amemwahidi nusu ya ukuta wa duka lake. Ndani, mafundi wa wauza simu walikuwa wakipima mahali pa makabati ya vioo, na walimwamkia kwa heshima, kwa kuwa nao walikuwa wamesoma.

Khalil alifika wakati rafu ya mwisho inatolewa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesoma, dada. Nimelia."

"Naona."

"Haki ni yako. Hata watoto wangu nitawaambia, shangazi yenu ndiye aliyelisimamisha duka hili."

"Waambie."

"Nitawaambia," Khalil akasema, na hakuwa anadanganya. Kisha akanyoosha mkono apewe funguo.

Mauza akazitoa mkobani, akampa. Akampa na ule wa mlango wa uani, ambao Khalil hakujua kama upo, na akamwonyesha jinsi ya kuuinua kidogo unapouzungusha, kwa sababu bila hivyo kitasa hakifunguki.